Kicheko Baada ya Vita: Utani, Wafu na Haki ya Kusimulia

Katika sehemu ya tatu ya Jamhuri, Plato anataka walinzi wa mji wake wa kufikirika, yaani askari wake, wasiwe watu wa kupenda kucheka, kwa hoja kwamba anayejiachia kwa kicheko kikubwa huikaribishia nafsi yake mpinduko mkubwa vilevile, na mtu mwepesi wa kupinduka hafai kukabidhiwa ulinzi wa wengine. Askari wa kweli hawakulipokea agizo hilo. Wastaafu wa jeshi wanapokutana, iwe ni msibani, kwenye foleni ya pensheni au barazani baada ya swala, mazungumzo yao kuhusu vita huelekea upesi kwenye vichekesho: kuruta aliyerukia shimo la choo akidhani ni handaki, mpishi aliyekimbia na sufuria ya maharage kichwani mizinga ilipoanza kulia, afande aliyeitikiwa kwa sauti moja na kikosi ambacho hakikuambulia hata neno la amri yake. Visa vya namna hiyo hutoka mahali ambapo watu walikufa, na mara nyingi waliokufa walikuwa rafiki za wasimulizi. Hapo huzuka swali la kimaadili, iwapo mtu ana haki ya kucheka jambo lililowaua wengine, na kama anayo, haki hiyo inatoka wapi na inakomea wapi.

Kabla ya kulijibu, yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kejeli ni kicheko kinachomshusha mtu, na ndicho alichokiona Thomas Hobbes alipoeleza, katika Leviathan ya mwaka 1651, kwamba kicheko ni fahari ya ghafla inayomjia mtu anapojiona bora kuliko mwenzake. Mzaha ni mchezo wa maneno usiokusudia kumuumiza mtu, nao Aristotle aliuhesabu miongoni mwa fadhila, akimweka mwenye uchangamfu wa adabu katikati ya mcheshi asiyejali anamuumiza nani na mtu mkavu asiyevumilia hata neno la kufurahisha. Utani, kwa maana yake kamili ya Afrika Mashariki, ni jambo la tatu: ni uhusiano unaotambuliwa na jamii, baina ya makabila, koo, mashemeji au babu na wajukuu, ambao humpa kila mmoja ruhusa ya kumwambia mwenzake maneno ambayo kinywani mwa mtu mwingine yangekuwa matusi, na papo hapo humtwika wajibu kwa huyo anayemtania. Kicheko cha askari mstaafu hueleweka vibaya kinapopimwa kama kejeli au kama mzaha, kwa sababu kipimo kinachokistahili ni utani.

Vita viwili vinatosha kuonyesha kicheko hicho kinahusu nini. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo vikosi vyake vya Keya, yaani King's African Rifles, vilikuwa na askari kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa, iliwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma katika bonde la Kabaw huko Burma, ambako askari hao walipaita Bama, katikati ya mvua kubwa zinazoletwa na pepo za kusi, wakipita kwenye tope lililomeza magari na malaria iliyolaza watu wengi, hadi wakafika mto Chindwin. Miaka thelathini na minne baadaye, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliongezewa makumi ya maelfu ya wanamgambo, na sehemu kubwa ya askari wake wa miguu ilitembea, kwa maana halisi ya neno hilo, kutoka mpakani hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vichekesho vinavyozaliwa na safari kama hizo vina mada chache zinazorudiwarudiwa, nazo ni njaa, viatu, tumbo la kuendesha, usingizi wa kwenye lindo, woga uliomfanya mtu asahau nywila, na Kiswahili cha maofisa wa kigeni. Ushujaa hautajwi sana. Anayechekwa mara nyingi ni msimulizi mwenyewe, au mwenzake aliyeketi karibu naye ambaye zamu yake ya kujibu haiko mbali, na hilo pekee linaonyesha kwamba maelezo ya Hobbes hayatoshi, kwa kuwa hapa mtu anajishusha mwenyewe mbele ya watu wanaomjua, na wao wanamheshimu zaidi kwa kufanya hivyo.

Jibu linalotolewa upesi kwa swali la haki ni jibu la tiba, kwamba mzee huyo acheke kwa kuwa kicheko humponya. Msingi wake wa kinadharia uko kwa Sigmund Freud, ambaye katika insha fupi ya mwaka 1927 alieleza ucheshi kuwa ni ukaidi wa nafsi inayokataa kuteswa na hali halisi, ikazifanya shida za dunia kuwa nafasi ya kujifurahisha. Maelezo hayo yana ukweli mwingi kuhusu chanzo cha kicheko, lakini hayagusi uhalali wake, kwa sababu jambo linalomtuliza mmoja laweza kumdhulumu mwingine, na wafu, ambao ndio wenye madai makubwa zaidi katika vita, hawapo kusema kama wameridhia kuwa dawa ya waliobaki. Anayetaka kukitetea kicheko cha askari hana budi kuonyesha kwamba wafu hawadhulumiwi nacho.

Utani unatoa njia ya kulionyesha hilo, na mahali pa kuutazama kwa karibu ni makaburini. Katika jamii nyingi za Tanzania, mtani wa marehemu huja msibani akiwa amevaa nguo za marehemu au akiigiza mwendo na sauti yake. Hukohoa kama yeye, hudai madeni kama yeye, na pengine huingia kaburini kabla ya maiti kushushwa, akajilaza chali na kukataa kutoka mpaka atupiwe fedha. Waombolezaji huku wanalia, huku wanashindwa kuzuia kicheko. Hakuna anayemshitaki mtani kwa kuvunja heshima, kwa sababu mtu huyohuyo ndiye aliyechimba kaburi, au aliyebeba jeneza, au aliyekesha na wafiwa akichota maji na kupasua kuni. Watafiti walioandika kuhusu utani wa Tanganyika, akiwemo R. E. Moreau mwaka 1944, waliuhusisha kwa sehemu na safari za misafara ya biashara kati ya bara na pwani, ambamo mgeni aliyefia njiani alihitaji mtu wa kumzika, na mtani ndiye aliyewajibika kwa kazi hiyo. Ruhusa ya kucheka na wajibu wa kuzika zilikabidhiwa mkono mmoja, na asiyeubeba wajibu hakuwa na ruhusa.

Kwa kipimo hiki, askari aliyembeba mwenzake aliyejeruhiwa, au aliyemzika pembeni mwa njia na kukariri jina lake ili alifikishe kwao, amejipatia kwa tendo hilo nafasi ya mtani. Anapokumbuka jinsi marehemu alivyokoroma, au alivyoficha sukari ndani ya soksi, anafanya lile ambalo mtani hulifanya kaburini, yaani kumrudisha marehemu akiwa mtu mwenye tabia zake, vituko vyake na udhaifu wake. Hapa pana tofauti muhimu kati ya mtu na jina lake. Kumbukumbu za kitaifa, kama zile za Siku ya Mashujaa inayoadhimishwa Tanzania kila tarehe 25 Julai kwa mikuki, ngao na mashada ya maua kuwekwa kwenye mnara, huwaheshimu wafu kwa kuwafanya wote kuwa sawa, kila mmoja shujaa kama mwingine, na heshima hiyo inawastahili. Lakini inaacha nje yale yote yaliyomfanya mmoja wao asifanane na mwenzake. Kisa cha kuchekesha huyahifadhi hayo, kwa hiyo kicheko cha aliyewahi kumbeba marehemu ni sehemu ya haki ambayo marehemu anamdai.

Askari wa Afrika Mashariki waliwahi kuujengea muungano huu wa kicheko na mazishi vyama kamili. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kusambazwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, iliiga gwaride la kizungu kwa tarumbeta, sare na vyeo. Washiriki waliitana mfalme, jenerali na Kaiser, wakapigiana saluti na kutoa amri ambazo mtazamaji hakuweza kujua kama ni za kusifu au za kudhihaki. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichunguza kwa undani, alionyesha kwamba makundi yake mashuhuri, Marini na Arinoti, yalikuwa pia vyama vya kusaidiana ambavyo viliwahudumia wanachama wagonjwa na kuzika waliokufa. Watu waliorudi kutoka katika vita vilivyoua wapagazi wengi mno kwa njaa na maradhi hawakuona kinyume kati ya kumcheka jenerali na kumzika mwenzao, kwa kuwa chama kilichowakutanisha kwa jambo la kwanza kiliwadai pia la pili.

Mtazamo huu unapingana na fikra mbili zinazoheshimika. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alishikilia kwamba anayecheka lazima kwa muda aufishe moyo wake ganzi, kwani huruma na kicheko havikai pamoja. Na sura ya tatu ya Mhubiri, ingawa kwa kusudi jingine, inaupa msiba wakati wake na furaha wakati wake. Mtani anayeigiza kikohozi cha rafiki yake huku machozi yakimtoka ni ushahidi kwamba moyo haulazimiki kufa ganzi, na kwamba nyakati hizo mbili zaweza kuwa saa moja. Kwa kweli, kicheko cha aliyekufa ganzi kinatambulika kirahisi, kwa sababu hakimtaji mtu kwa jina, na kikimtaja hakikumbuki lolote juu yake isipokuwa namna alivyokufa.

Linabaki suala la ukweli, ambalo kwa msomaji Mwislamu lina uzito wa pekee. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inamwonya vikali anayesema uongo ili awachekeshe watu, na imepokewa pia kwamba Mtume mwenyewe alifanya mzaha bila kutoka nje ya kweli. Simulizi za wastaafu, kama inavyojulikana, hutiwa chumvi: chatu huongezeka urefu kila mwaka, na maili za kutembea huzidi zile za kwenye ramani. Uamuzi unaofaa unategemea ni nani anayesikiliza. Uongo ni kumpa mtu imani isiyo ya kweli, na mbele ya waliokuwapo hakuna anayepewa imani hiyo, kwa sababu kila mmoja anajua chatu alikuwa na urefu gani. Chumvi hapo ni mapambo ambayo wote wameyakubali. Kisa hichohicho kikisimuliwa kwa vijana wasioijua vita, msimulizi amebadilisha mkataba bila kuwaambia, na kijana anayeondoka akiamini kwamba vita ni mfululizo wa vituko amedanganywa juu ya jambo ambalo siku moja laweza kumgharimu uhai. Kwa wasikilizaji wa aina hiyo, mstaafu mwadilifu hueleza pia ni wangapi hawakurudi, na habari hiyo haitii chumvi.

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi. Utani una zamu, kwani anayetaniwa ana haki ya kujibu, na ndiyo maana waliokuwa maadui waliweza kuupata: Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali kati ya 1878 na 1882, ni watani, na kila upande hudai mbele ya mwenzake kwamba wao ndio waliowakimbiza wale. Hata hivyo raia aliyeuawa akiwa shambani kwake Kagera mwaka 1978, au aliyepoteza nyumba yake Masaka au Mbarara, miji iliyobomolewa kwa sehemu kubwa mapema mwaka 1979, hakuwahi kupewa zamu. Askari hakumbeba wala hakumzika, na baina yao hapakuwa na uhusiano wowote isipokuwa ule wa nguvu. Kumcheka mtu huyo ni kejeli hata kama kisa kinachekesha kweli, na katazo la Suratul Hujurat, linalowazuia watu wasiwadharau wengine ambao huenda ni bora kuliko wao, linamhusu msimulizi moja kwa moja. Uzoefu wa vita haumwongezei mtu haki hapa, kwa kuwa kilichompa haki ya kuwatania wenzake kilikuwa wajibu alioutimiza kwao, na kwa raia huyo wajibu wenyewe bado haujatimizwa.

Walter Benjamin aliandika mwaka 1936 kwamba askari wa Vita Kuu ya Kwanza walirudi Ulaya wakiwa bubu, maskini wa visa vya kusimulia badala ya kuwa matajiri wa visa hivyo. Ukimya huo unaeleweka zaidi kwa kuzingatia kwamba simulizi ya vita humhitaji msikilizaji mwenye nafasi katika uhusiano, na wengi waliorudi walikuta watu waliotaka kusikia habari bila kushika kazi yoyote ya msiba. Hoja ya utani kwa hiyo inamgeukia pia asiyepigana. Jamaa, jirani, mwandishi au taasisi inayomwalika mzee wa Bama au wa Kagera asimulie, ikacheka pamoja naye na kuondoka, imejitwalia ruhusa ya mtani ikauacha wajibu wake, ambao ni kumuuguza mstaafu huyo akiugua, kumfuatilia mafao yake yakicheleweshwa, na kufika na jembe siku ya maziko yake. Anayeyatekeleza hayo hahitaji ruhusa nyingine ya kukirudia kisa cha kuruta na shimo la choo.