Hisabu Nyepesi au Hisabu Nzito?

Ndugu yetu mmoja wa hapa pwani, aliyehamia Marekani, ametuuliza jambo ambalo kwa dhahiri ni la shule, na kwa batini ni la dini. Huko wanafunzi hodari wa sekondari husomeshwa kalkulasi, nayo ni ilimu ya kupima mambo yanayogeuka, kama mwendo wa chombo au maji yajaayo birikani. Ina daraja mbili: AB, iliyo kiasi cha muhula mmoja wa chuo kikuu, na BC, iliyo na yote ya AB na zaidi yake, kiasi cha mihula miwili. Mtihani hupewa alama kutoka 1 mpaka 5. Baba ataka BC. Mwana ataka AB, ingawa mwalimu wake amesema BC aiweza.

Tuliwauliza sababu. Baba alijibu kwamba watoto wa wenzake wote wamo BC. Mwana alijibu kwamba katika AB ana hakika ya kupata 5. Tazameni, ndugu zangu! Maneno ni mbalimbali, maradhi ni mamoja. Wote wawili watazama macho ya watu. Hapana aliyeitaja ilimu yenyewe.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alitafuta ujazo wa umbo lenye mfano wa kuba kwa njia iliyoikaribia kalkulasi hii, miaka mia sita kabla ya Newton. Hakuwa akitafuta alama. Alikuwa na swali.

Akili ni amana. Aliyepewa mabega ya kubeba gunia zima, akachukua nusu kwa kuogopa kuchekwa, ameikhini. Na amtwikaye mwanawe ili yeye baba asifiwe, ameikhini vilevile. Lau mwalimu angesema kijana hawezi, tungesema AB, wala si aibu: kichache kilichoshikwa barabara chapita kingi kilichoparazwa.

Basi jawabu letu: kijana achukue BC, na baba atoe ahadi kwamba mwana akirudi na 3 hatamkunjia uso wala hatamsimanga mbele za watu. Bila ya ahadi hiyo, shauri letu halifai kitu.

Na sisi tulio huku tusiwacheke. Wangapi kwetu huidharau hisabu kwa kuiita ilimu ya dunia, na bila ya hisabu hata mirathi haigawanyiki?

Mwenyezi Mungu atusafishie nia zetu. Amin.