Subira na Kungoja Mwangaza

Katika miji yetu ya pwani, mtu akikaa bila kufanya jambo husema anasubiri, nasi humsifu. Lakini je, kila angojaye ni mwenye subira?

Tuitazame kazi moja idhaniwayo kuwa haina ila kungoja, nayo ni kupiga picha za nchi: milima, bahari na mabonde. (Hitilafu ya wanavyuoni juu ya taswira yahusu vyenye roho, mlima haumo.) Mpiga picha hana amri juu ya jua. Saa sita mchana mwangaza hushuka wima, na nchi huonekana bapa kama mkeka. Jua likiinama, miale yake hupita katika hewa nyingi zaidi. Rangi ya samawati hutawanyika njiani, ikatufikia ile ya dhahabu, na kila kijiwe kikapata kivuli chake. Ulaya ya kaskazini jua hutua kwa mshazari, na mwangaza huo hukawia. Kwetu Mombasa, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua hutumbukia. Kila aikimbiliaye Maghribi aujua ufupi wa wakati ule.

Mwaka 1941 Mmarekani Ansel Adams alikuwa akirudi jioni kwa gari huko New Mexico, baada ya siku ya kazi isiyomfaa kitu. Alipofika kijiji cha Hernandez aliona mwezi umepanda juu ya milima, na jua la kutua laangaza misalaba myeupe ya makaburini. Akashuka mbio, akaitega kamera yake kubwa, akatafuta chombo cha kupimia mwanga asikione. Lakini alikuwa amekwisha kujua kiasi cha mwangaza wa mwezi, mishumaa 250 kwa kila futi ya mraba. Akafanya hesabu kichwani, akapiga picha moja. Alipojiandaa kwa ya pili, jua lilikwisha kuiacha misalaba. Picha ile ikawa mashuhuri duniani.

Basi jioni ile hakungoja hata kidogo. Subira yake ilikuwa katika miaka ya kujifunza, na katika kutoitupa kazi siku iliyomwendea vibaya. Asiyejua kitu angaliupoteza mwangaza uleule, kisha akasema haikuwa riziki yake.

Huenda mtu akasema: subira ni kustahimili tusiloweza kuligeuza. Naam, mbele ya mauti na maradhi ndivyo, wala hapo mfiwa haulizwi amejiandaa na nini. Lakini mambo yetu mengi si ya mlango huo. Katika Suratul-Asr subira haikutajwa peke yake. Imetanguliwa na imani, na vitendo vyema, na kuusiana haki.

Asemaye basi kwamba anasubiri, ilhali ardhi ya wakfu yamegwa na paa la chuo lavuja, na aulizwe: hati zi wapi? Ni nani aliyeisoma sheria ya ardhi? Fundi amekwisha kupima paa? Na afisi ikifunguliwa kesho saa mbili asubuhi, nani atakuwapo mlangoni na makaratasi mkononi?