Gari la Kale na Amana ya Fundi

Liko swali ambalo mafundi na wafanyi biashara hulipita upesi, nasi twaona halifai kupitwa: kitu kikichakaa, kikatengenezwa, kikabadilishwa kipande baada ya kipande hata kikawa kipya machoni, je, kingali ni kile kile? Na yule anayekiuza ana haki gani ya kukiita kwa jina lake la kwanza?

Mwenye jahazi alilijua swali hili bila ya kulisoma kitabuni. Ubao huoza ukatolewa, mlingoti huvunjika ukasimamishwa mwengine, tanga huraruka likashonwa jipya, na jahazi likabaki na jina lake. Lakini leo twapenda kulitazama swali hili mahali lilipozidi ukali kwa sababu ya fedha nyingi zilizoingia ndani yake, nako ni Marekani, kwa watu wanaoyamiliki, wanaoyaendesha na wanaoyafufua magari ya mbio ya miaka ya 1960.

Tuchukue gari moja, ili maneno yasitawanyike. Kwa mwaka wa 1964 kampuni ya Pontiac, iliyokuwa tawi la General Motors, ilitoa gari lililoitwa GTO. Wakati ule General Motors ilikuwa na kanuni yake ya ndani ya kwamba gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean, aliyekuwa mkuu wa wahandisi wa Pontiac, pamoja na wenziwe, walipata njia ya kuizunguka kanuni hiyo. Hawakuiita GTO gari jipya, bali waliifanya kuwa fungu la vifaa vya kuagizwa juu ya gari la kawaida lililoitwa Tempest LeMans. Mnunuzi akiongeza fedha, hutiliwa injini ya silinda 8 ya inchi 389, yenye nguvu za farasi 325, au 348 akitaka kabureta tatu. Mwaka ule yaliuzwa magari 32,450, na makampuni mengine yakaifuata njia hiyo. Kisha zikaja bima za ghali, sheria ya hewa safi ya 1970, na shida ya mafuta ya 1973, na zama zile zikafunga. Pontiac yenyewe ilikoma mwaka wa 2010.

Sasa tazama lililozaliwa na hila ile ndogo. Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilikuwa ni fungu la vifaa tu, nambari iliyopigwa chapa katika gari haisemi kwamba gari hilo ni GTO. Ni katika magari ya 1966 ndipo GTO ilipopewa nambari yake mbali. Basi mtu mwenye LeMans ya kawaida ya 1964 aweza kutia injini ile, na boneti ile, na zile herufi tatu, hata jicho la mjuzi likatatizika. Kinachobaki kuwa shahidi ni karatasi: maandishi ya kiwandani yanayoeleza gari lilitoka na nini siku ya kwanza. Na bei ya GTO ya kweli si bei ya LeMans iliyovishwa nguo zake.

Yapasa kwanza tumtendee haki fundi. Anayelifufua gari la namna hii hafanyi mchezo. Hulifungua mpaka msumari wa mwisho, akaondoa bodi juu ya chesisi, akakata sakafu iliyoliwa na kutu na kuchomea bati jipya. Injini za zama zile zilizoea petroli yenye risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996. Kwa hivyo fundi akiifungua injini huweka vikalio vya valvu vya chuma kigumu zaidi, ili isije ikaharibika. Na jambo limefika mbali zaidi: bodi nzima za chuma za Mustang na Camaro za miaka ya 1960 sasa hufanyizwa upya, za kununuliwa dukani. Mtu aweza kuwa na gari ambalo karibu lote halikuwako duniani wakati lilipoandikishwa mara ya kwanza.

Je, huo ni uwongo? Sisi twasema sio. Kubadilika si aibu, wala kiraka si kosa. Kila kinachotumika huchakaa, na anayekataa kutengeneza kwa kuogopa kubadilisha ataishia na rundo la kutu alitazamalo kwa majonzi. Bati halina ulimi. Halidai kuwa ni la 1964 wala la jana. Anayedai ni mtu. Basi tusiutafute uwongo katika chuma, tuutafute katika neno.

Tukilitazama hivyo, twaona kazi tatu ambazo yafaa zipambanuliwe. Ya kwanza ni kutengeneza: gari ni lile, na fundi asema alichokibadilisha. Ya pili ni kunakili: mtu achukua LeMans, aigeuza mfano wa GTO, na asema wazi kwamba ni nakala. Huyu hana lawama; amejipatia furaha yake kwa fedha yake. Ya tatu ni kughushi: kuikwangua nambari ya injini kwa tupa na kupiga nyengine ioane na gari, au kuinyamazia nakala ili mnunuzi adhani ni asili. Mkono wa wote watatu huenda ukawa na ustadi sawa sawa, na magari yao yakang'ara sawa sawa. Kinachowatenga ni amana.

Huenda mtu akatuambia: "Mwaleta uzito pasipo uzito. Nakala ile yakimbia kama asili, yanguruma kama asili, na aliyeinunua alala usingizi wake na furaha yake. Nani aliyedhulumiwa?" Hoja hii ina utamu, lakini haisimami. Mnunuzi hakutoa mali yake kwa ajili ya mwendo, kwani mwendo angeupata kwa bei ndogo katika gari la leo. Alitoa mali yake kwa ajili ya khabari: kwamba gari hili ndilo lililotoka kiwandani vile, mwaka ule. Ukimuuzia khabari isiyokuwako, umeichukua mali yake bila ya badali. Na dhuluma haikomei kwake. Siku moja atakufa, na mjane wake atalipeleka gari mnadani akisema kwa nia safi aliyoambiwa mumewe. Hapo mjuzi atakuja na taa yake na karatasi zake, na aibu itampata asiyeijua hila. Na mbali na hao, kila nakala inayopita kwa jina la asili huzitilia shaka asili zote, hata mkweli akawa haaminiki mpaka alete mashahidi.

Mwengine atasema: "Hata wenyewe waliolitengeneza hawakuwa wakweli." Na kweli hii hatuikanushi. Yale matundu mawili ya boneti ya GTO ya 1964 hayakuingiza hewa, yalikuwa pambo tu. Jina lenyewe waliliazima kwa gari la Ferrari. Na mwezi wa Machi 1964 gazeti la Car and Driver lilipotoa khabari ya majaribio yaliyolipa gari hili sifa kubwa, moja katika magari waliyopewa kujaribu lilikuwa na injini ya inchi 421 iliyofichwa badala ya ile ya 389. Jambo hili alilikiri mwenyewe Jim Wangers, mtu wa matangazo ya Pontiac, miaka mingi baadaye. Lakini hila ya jana haiwi ruhusa ya hila ya leo. Bali sisi twaona funzo jengine: hata kosa la zamani lilipata kutengenezwa, na kilicholitengeneza hakikuwa rangi mpya bali ni kusema.

Ama mfano wa kinyume chake ni ile Mustang ya kijani iliyochezwa katika filamu ya Bullitt ya mwaka wa 1968. Mtu mmoja aliinunua mwaka wa 1974 kwa dola 6,000, na mkewe akawa akiipanda kwenda kusomesha. Mwaka wa 1977 Steve McQueen, aliyeiendesha katika filamu ile, alimwandikia barua akitaka kuinunua, naye hakuiuza. Ikakaa miaka mingi imefichwa, mpaka ilipodhihirishwa Januari 2018. Na familia ile haikuificha mikwaruzo wala mabonde yake chini ya rangi mpya. Januari 2020 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.4, mbali na ada. Hatulisemi hili ili watu wawe wakweli kwa kutaraji mamilioni; anayesema kweli kwa ajili ya bei ataiacha siku bei itakapogeuka. Twalisema ili ionekane kwamba hata soko, pamoja na tamaa zake zote, lajua kwamba kovu la kweli lina heshima kuliko uzuri wa kubuni.

Na liko jambo moja ambalo mghushi halifikiri. Ametoa miaka ya umri wake gerejini, amejichoma mikono, amekesha akitafuta spea moja ya 1964; kisha alipomaliza akasema, "Hili halikuguswa." Kwa neno hilo ameizika kazi yake mwenyewe. Ustadi wake wote hautajwi tena, kwani akiutaja amejishitaki. Ameuza gari, na pamoja nalo ameuza haki ya kusema, "Hii ni kazi ya mikono yangu."

Basi rai yetu ni hii. Anayelifufua gari la kale na aweke daftari: sakafu ilibadilishwa lini, injini ilitoka wapi, rangi ya kwanza ilikuwa ipi, nambari ipi ni ya asili na ipi sio. Daftari hilo na lifuatane na gari kila linapohama mkono. Hapo gari litabaki ni lile lile, hata kama hapana bati moja lililosalia la siku ya kwanza, kwa sababu mnyororo wa khabari zake haukukatika.

Nawe, ndugu msomaji, huenda usimiliki GTO maisha yako yote. Lakini utauza nyumba iliyotiwa chokaa juu ya ufa, au cherehani iliyobadilishwa moyo wake, au saa ya marehemu mzee wako. Atakapokuja mnunuzi, akakitazama na kukipenda, akanyamaza akingoja neno lako, hapo ndipo kitu chako kitakapokuwa cha kweli au cha uwongo.