Nani Amechora Ubao?

Rafiki yangu anasoma uzamili wa uchumi. Anachotafiti ni jinsi maamuzi madogo ya watu wengi yanavyozaa kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Mfano anaoupenda ni wa Thomas Schelling, Mmarekani aliyepata Nobel mwaka 2005.

Cheki. Chukua ubao kama wa drafti, tawanya sarafu za aina mbili. Kila sarafu haina shida kuishi na wengine, mradi theluthi moja ya majirani wafanane nayo. Ikikosa hao, inahama. Baada ya raundi chache ubao umejigawa: hawa huku, wale kule. Na hakuna sarafu iliyomchukia mtu.

Hesabu tamu, lakini inanitia wasiwasi. Kama hakuna aliyetaka, basi hakuna wa kulaumiwa, si ndio? Kila mtu anasema, "Mimi nilihama tu."

Ila sarafu haiombi mkopo. Kuanzia 1934, Marekani ilikuwa na idara ya serikali ya kudhamini mikopo ya nyumba, na idara hiyo iliikwepa mitaa ya Weusi. Schelling mwenyewe, katika makala yake ya 1971, alisema upo utengano unaopangwa na upo unaotokana na kipato; yeye alichagua kuchunguza aina ya tatu. Wanaomnukuu ndio husahau. Sisi wa Nairobi tusisahau: Eastlands haikujigawa yenyewe, mkoloni aliamua Mwafrika alale wapi.

Nikamuuliza rafiki yangu, kwenye programu yake ya kompyuta, nani amechora ubao?

"Mimi," akasema. "Lakini huyo hatumhesabu."