Kabla Maji Hayajajaa

Tafakari ya wiki. Somo: Marko 6:30–34

Shule zimefungwa, na wiki hii familia tatu zimenipigia simu kwa swali moja: tuwapeleke wapi watoto siku mbili tatu, mahali pasipo mbali wala pasipomaliza mfuko? Nimewajibu wote jibu moja. Nendeni Ynys Môn, kisiwa kile cha kaskazini-magharibi mwa Wales ambacho Waingereza hukiita Anglesey. Kabla sijamaliza kueleza njia, kila mmoja alikuwa ameshatoa udhuru wake. Mmoja ana zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wa pili hajamaliza ada ya mdogo wake kule nyumbani. Wa tatu alisema, “Mchungaji, tutakwenda mambo yakikaa sawa.”

Naijua sauti hiyo, maana ni yangu pia. Sisi tuliokuja Uingereza kutafuta maisha tumezoea kuona mapumziko kama wizi: saa niliyokaa bure ni hela ambayo ningeituma nyumbani. Basi leo tutembee kisiwani pamoja, Marko akiwa mkononi.

Mitume wamerudi kutoka kazini na wana mengi ya kusimulia. Watu wanaingia na kutoka, hata wao hawapati wasaa wa kutia kitu kinywani. Yesu hawaulizi wamebakiza nini. Anawaita waende faraghani wakapumzike kidogo, nao wanapanda chombo. Wagonjwa walikuwapo bado, na vijiji visivyofikiwa vilikuwapo. Waliondoka kazi ikiwa haijaisha.

Kwa hiyo tuanzie Beaumaris. Ukivuka mlango wa bahari wa Menai kwa daraja la kuning’inia la Thomas Telford, lililofunguliwa mwaka 1826, shika kulia ufuate pwani hadi kwenye ngome ya Mfalme Edward wa Kwanza. Ujenzi wake ulianza mwaka 1295, ukuta ndani ya ukuta, na handaki la maji kuuzunguka. Kisha fedha zikapungua, vita vya Uskoti vikamvuta mfalme, na minara haikufikia kimo kilichokusudiwa. Mpaka leo ngome haijakamilika, na hivyo hivyo ilivyo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1986. Waache watoto wapande kuta. Wewe keti kwenye nyasi uwaze jambo moja: mfalme mwenye jeshi na hazina hakumaliza kazi yake. Wewe unayelipwa kwa saa, nani kakuambia utaimaliza yako kwanza ndipo upumzike?

Watoto wataomba mpite stesheni ya Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch. Jina hilo la herufi 58 lilirefushwa katika karne ya 19 ili kuwavuta wageni, na bado linawavuta. Pigeni picha chini ya kibao, mcheke, msonge mbele.

Upande wa kusini-magharibi, karibu na kijiji cha Aberffraw, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Cwyfan, ambalo chimbuko la jengo lake ni karne ya 12. Lilijengwa kwenye nchi kavu. Bahari ikaimega nchi kidogo kidogo, hata makaburi mengine yakaporomokea majini, na mwishoni mwa karne ya 19 likajengewa ukuta kulizunguka ili lisalimike. Sasa limebaki peke yake juu ya kijisiwa. Maji yakipwa, unalifikia kwa miguu juu ya mawe. Yakijaa, njia hakuna. Kisiwa cha Llanddwyn nacho, penye magofu ya kanisa la Dwynwen, mtakatifu ambaye Wawelisi wapendanao humkumbuka kila Januari 25, hutengwa na nchi kavu maji yanapojaa sana. Kabla ya kutoka, tazama ratiba ya maji.

Mliokulia Lamu, Mombasa au Unguja hamhitaji somo hili. Mnajua kwamba mvuvi hajipangii saa, huulizia maji. Lakini maisha ya huku yametufanya tudhani kwamba saa zote ni zetu za kuuza. Pale Cwyfan tutajifunza upya. Maji yamepwa, nenda sasa. Yakianza kurudi, hakuna ovataimu itakayoyazuia. Na mtoto anayetaka umshike mkono juu ya mawe yale leo, miaka mitano ijayo hatautaka mkono wako.

Wenyeji wana hekaya ya watakatifu wawili wa karne ya 6: Seiriol wa Penmon, mashariki, na Cybi wa Holyhead, magharibi. Kila wiki, husimuliwa, walikutana katikati ya kisiwa kwenye visima vya Clorach. Seiriol alikwenda magharibi asubuhi na kurudi mashariki jioni, jua likiwa mgongoni siku zote, akabaki mweupe. Cybi alilikabili jua kwenda na kurudi, uso ukaungua. Mimi nampenda Cybi. Alirudi nyumbani ameungua, na wiki iliyofuata akaenda tena, kwa sababu rafiki yake alikuwa akimngoja. Ni nani kati yetu anayemngoja mwenzake kwa mazungumzo ya ana kwa ana, na simu ikiwa mfukoni?

Siku ya mwisho iwekeni kwa Moelfre, pwani ya mashariki. Ni kijiji cha kokoto na mashua, chenye njia nzuri ya miguu kando ya bahari. Hapo imesimama sanamu ya Dic Evans, nahodha wa boti ya uokoaji, ambaye Oktoba 1959 aliingia katikati ya dhoruba na wenzake wakawaokoa mabaharia wote wanane wa meli Hindlea. Lakini mimi nataka mwende mbele kidogo, hadi kanisa la Llanallgo.

Usiku wa kuamkia Oktoba 26, 1859, meli Royal Charter, iliyokuwa ikitoka Melbourne kwenda Liverpool, ilisukumwa na dhoruba kwenye miamba karibu na Moelfre. Wengi wa abiria walikuwa watu waliokwenda Australia kutafuta dhahabu, sasa wanarudi nayo kwao. Ndugu zangu, hao ni sisi. Walikuwa wamebakiza safari ya saa chache tu. Walikufa zaidi ya 400, wakapona wapatao 40, na hakuna mwanamke wala mtoto aliyetoka hai.

Kasisi wa Llanallgo aliitwa Stephen Roose Hughes. Parokia yake ilikuwa ya mashambani, mahali ambapo mtu angedhani kwamba kasisi hana la haraka. Bahari ikamletea maiti. Akawalaza ndani ya kanisa, na waumini wakahamishia ibada kwenye chumba cha shule. Yeye na watu wa nyumbani mwake walikagua vifungo vya nguo, nywele na makovu ili wajue huyu ni nani, wa nani. Alizika zaidi ya 100. Kisha akaandika barua kwa jamaa za marehemu, zaidi ya 1,000, kujibu kila aliyeuliza. Charles Dickens alifika huko miezi miwili baadaye na kuziandika habari zake, ndiyo maana tunazijua. Hughes alifariki mwaka 1862.

Sisi tunaijua simu ya saa tisa usiku kutoka nyumbani. Tunajua kulia msiba ambao hukuuona, kaburi usilolitupia udongo. Kwa hiyo tunaweza kukisia barua moja ya kasisi yule ilikuwa na uzito gani mikononi mwa mama aliyekuwa akingoja mbali.

Marko anasema kwamba chombo kilipofika ng’ambo, umati ulikuwa umeshatangulia kufika. Faragha haikupatikana. Yesu hakukunja uso. Aliwaona, akawahurumia kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha. Mwenye kuwaita wenzake wapumzike ndiye huyo huyo aliyewaona watu. Ninaamini mambo hayo mawili huenda pamoja, kwa kuwa mtu aliyechoka kupita kiasi hupita karibu na mwenye huzuni asimwone.

Basi nendeni Ynys Môn, au hata bustani ya jirani kama nauli haitoshi. Ombeni ruhusa kazini wiki hii, msingoje mambo yakae sawa. Na mkirudi, kila mmoja amwandikie barua mtu mmoja aliyefiwa mwaka huu, kwa kalamu na karatasi, amtaje marehemu kwa jina.