Kasoro ya gari unaijua, mnunuzi umemwambia?



Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti hapa Tarime mjini. "Ustadh," akasema, "nina swali la biashara." Ana Noah ya namba C anayotaka kuiuza. Injini iliwahi kuchemka akiwa anapanda kutoka Nyamongo, gasketi ya silinda hedi ikaungua, fundi akaifungua na kuifunga tena. Gari linatembea, lakini kila likipanda mlima mrefu likiwa na abiria, mshale wa joto nao unapanda. Mnunuzi amepatikana, anatoka Mugumu, na analitaka kwa ajili ya kubebea abiria. Akaniuliza: "Nikimwambia nauza kama lilivyo, akague mwenyewe, si nitakuwa nimetoka kwenye dhima?"

Jibu la swali hilo nalifundisha kila mwaka darasani. Pamoja na hayo, siku ile sikumjibu. Nilimwambia aje Ijumaa inayofuata. Sababu nitaieleza mbele.

Kwa ndugu zetu walioko Dar es Salaam wasioifahamu njia hii, Tarime iko juu vilimani, karibu na mpaka wa Kenya pale Sirari. Ukitoka hapa kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, unapita Nyamwaga, unafika Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, unavuka Mto Mara, kisha unaendelea. Ni njia ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa changarawe, vumbi na miteremko. Kwenda unatelemka bondeni, kurudi unapanda. Gari lenye breki mbovu litakuumbua wakati wa kwenda, na lenye rejeta mbovu litakuumbua wakati wa kurudi.

Na magari yanayopita njia hii mengi ni ya uzeeni. Gari linatoka Japani likiwa limeshatumika, linashuka bandari ya Dar es Salaam, linatembea mjini miaka kadhaa, likichoka linauzwa mkoani. Huku nako linapita mikono mitatu au minne. Majirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sisi halikatazwi, ila linatozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Silaumu jambo hilo. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara mdogo asingepata usafiri kama si haya magari. Gari kuukuu ni rizki ya halali kama mali nyingine yoyote. Tatizo ni maneno yanayosemwa, na yasiyosemwa, siku linapouzwa.

Tunayajua wote. Gari huwashwa alfajiri kabla mnunuzi hajafika, ili asisikie injini inavyowaka ikiwa baridi. Humiminwa oili nzito ili moshi wa bluu upungue kwa siku mbili tatu. Taa ya injini kwenye dashibodi hutolewa balbu. Kilomita hurudishwa nyuma. Injini huoshwa ikang'aa ili alama za kuvuja zisionekane. Kutu hufunikwa kwa puti na rangi. Kisha muuzaji huyo huyo anaitika adhana ya Adhuhuri akiwa na noti za mwenzake mfukoni!

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Alipomuuliza mwenye mali akajibiwa kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi asiiweke juu watu waione, na akatangaza kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake. Tazama vizuri kisa hiki. Yule mtu hakusema uongo wowote. Hakuna mahali palipotajwa kuwa aliapa nafaka yake ni kavu. Kosa lake ni kwamba palipolowa palikuwa chini na pakavu palikuwa juu. Basi rangi juu na kutu chini ina tofauti gani na hilo?

Wako watakaosema, lakini mnunuzi wetu wa Mugumu si Muislamu. Mkoa huu wa Mara Waislamu ni wachache, kwa hiyo hoja hii naisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wanaoswali safu ya mbele. Katika mapokezi mengine ya hadithi hiyo hiyo onyo limekuja kwa ujumla, kwa yeyote mwenye kughushi, bila kutajwa anayeghushiwa ni nani. Na Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, inazungumzia haki za watu. Haikusema watu wa msikiti gani.

Sasa tuje kwenye "kama lilivyo". Kauli hii si ngeni, Maswahaba wenyewe waliijua. Imamu Malik katika Muwatta ameeleza kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Baadaye mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa, wakapelekana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akiujua ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa na kurejesha fedha. Mtumwa akapona mikononi mwake, akamuuza tena kwa dirham 1,500.

Nataka msomaji azingatie kiapo alichotakiwa kula. Uthman hakuuliza kama mnunuzi alipewa nafasi ya kukagua. Aliuliza muuzaji alikuwa anajua nini. Sharti la "kama lilivyo" linaweza kuwa na nafasi kwa kasoro ambayo muuzaji mwenyewe haijui, na hata hapo wanazuoni wametofautiana. Wanazuoni wa Shafii, ambao wengi wetu Afrika Mashariki tunawafuata, wamelibana sharti hilo sana, hasa kwa bidhaa isiyo mnyama. Ama kasoro unayoijua ukainyamazia, "kama lilivyo" haikuvushi mbele ya Mola wako.

Kisa kingine ni cha ngamia, na ngamia ndiye aliyekuwa gari la wakati ule. Swahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.) alikuwepo mtu alipouza ngamia kwa dirham 300. Mnunuzi alipoondoka, Wathila akamkimbilia akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Akajibu kwa safari. Wathila akamweleza kuwa ameona tundu kwenye unyayo wa ngamia yule, hatahimili mwendo. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirham 100, akamnung'unikia Wathila kuwa amemharibia biashara. Wathila akajibu kuwa walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumnasihi kila Muislamu, na kwamba kubainisha kasoro ni wajibu wa muuzaji na wa kila anayeijua.

Wathila hakuwa muuzaji wala dalali, alikuwa mtu aliyesimama pale na kuona. Je, fundi wa gereji aliyeifungua injini ile kwa mikono yake, akaona silinda hedi imepinda, kisha analetewa mnunuzi naye anasema "gari liko poa" kwa sababu muuzaji amemwahidi chochote, atajibu nini? Na dalali anayelipwa kwa asilimia? Naona mafundi ndio wenye mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu neno la fundi ndilo mwenye fedha kidogo analolitegemea. Wapo waaminifu, nawajua. Lakini wapo wanaotoza bei ya spea mpya wakafunga iliyotumika. Wapo pia wanaong'oa themostati na kuitupa kila gari likichemka, mteja akidhani ametengenezewa, kumbe injini sasa inakaa baridi muda mrefu kuliko inavyotakiwa na kunywa mafuta zaidi, na ugonjwa wa asili uko pale pale.

Mnunuzi naye asijitoe. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Taka kuliona gari asubuhi likiwa baridi, ukiguse boneti mwenyewe. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Fungua kifuniko cha rejeta kabla injini haijapata moto uone kama juu kunaelea mafuta. Liendeshe mlimani, si kuzunguka stendi. Linganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi, na umiliki uhamishwe TRA siku hizo hizo, usiridhike na karatasi ya kuandikiana. Na ukiwa na milioni 6 usinunue gari la milioni 6. Nunua la milioni 4 na nusu, iliyobaki ni ya tairi, breki na oili, la sivyo mwezi wa pili utakuwa mlangoni kwa wakopeshaji wa riba.

Nimetaja breki na tairi kwanza kwa makusudi. Ukiwa na fedha kidogo ya matengenezo, anza na vinavyosimamisha gari na vinavyoliongoza: breki, tairi, usukani. Kisha vinavyolipooza: rejeta, feni, mipira ya maji, na kipozeo sahihi badala ya maji ya bomba. Redio na rangi zisubiri. Inasikitisha kuona gari limeandikwa "Tawakkal" kioo cha nyuma, tairi zake kashata zimeisha zimebaki kipara, na ndani kuna kina mama na watoto wanaokwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na trafiki akikuruhusu kupita, hilo halina maana kuwa umeruhusiwa na Allah.

Sasa nieleze kwa nini sikumjibu yule kijana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nami niliuza gari, Corolla ya namba B, kwa mzee mmoja mstaafu wa Mugumu, Mkristo. Giaboksi yake ilikuwa ikipata moto inateleza, unakanyaga mafuta gari haliitikii. Nilikuwa naijua kasoro hiyo. Tulipolijaribu ilikuwa asubuhi, mwendo mfupi, gia hazikuteleza, nami nikanyamaza. Nikamwambia, "Kagua mwenyewe mzee." Akanilipa milioni 4 na nusu.

Jumatatu baada ya swali la yule kijana nilipanda gari la abiria hadi Mugumu. Nilimkuta mzee nyumbani kwake, Corolla iko chini ya mwembe. Nikamweleza. Akanijibu kuwa giaboksi ilimsumbua tangu mwezi wa kwanza, akadhani ni yeye amelikosea kuliendesha.

Kwa fiqh ya Kishafii, mnunuzi akigundua kasoro ya zamani ana hiari ya kurudisha mali na kupewa fedha yake yote, au kubaki nayo. Hapa gari lilikuwa limegongwa ubavuni likiwa kwake, kwa hiyo kulirudisha kulikuwa na utata. Hapo ndipo huingia arshi, yaani fidia ya upungufu. Inapigwa hivi: gari zima la aina ile lilikuwa la milioni 5, lenye giaboksi ile ni milioni 4, upungufu ni moja ya tano. Moja ya tano ya bei aliyonilipa ni shilingi 900,000. Sikuwa nayo yote. Nilimpa 400,000 na tukaandikiana iliyobaki. Mzee akazihesabu, akaziweka mezani, akaniuliza, "Na breki je, mwalimu?" Nikamwambia breki zilikuwa nzima. Alinitazama kitambo kirefu kabla ya kusema haya.

Ijumaa kijana alikuja. Nilianza kumsimulia habari za Corolla, ndipo nikamweleza ya Ibn Umar na ya Wathila. Alimpigia simu mnunuzi wake pale pale nje ya msikiti, akamtajia gasketi na mlima wa Nyamongo. Mnunuzi akasema bado anaitaka, ila apunguziwe milioni moja na laki mbili, na fundi wake aione kwanza. Kijana akaomba siku mbili za kufikiri. Nilipopita jana jioni, Noah ilikuwa bado imeegeshwa nyumbani kwao.