Tangawizi Katika Maji ya Mabibo

Wazungu wana majira ambayo sisi wa pwani ya kusini hatuna. Kamusi huyaita vuli, nasi twalikubali jina hilo kwa kukosa jingine, ingawa vuli kwa Waswahili ni mvua, na kwao ni majani yanayokauka na kupukutika. Majira hayo yana vinywaji vyake. Katika hoteli za huko mtu huletewa bilauri ya mchanganyiko, kokteli kama wanavyoita, yenye maji ya tufaha, mdalasini, karafuu na tangawizi, juu yake pombe kali kidogo, naye huambiwa kwamba hiyo ndiyo ladha ya majira. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilicheka. Mdalasini bora ni wa Sri Lanka. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ikapandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kinachoitwa huko ladha ya majani makavu, kwetu ni kopo la viungo vya pilau.

Hata hivyo sisi nasi tuna majira yetu, na yana kinywaji chake. Kuanzia Oktoba hadi Desemba hivi, toka Kilwa hadi Mchinga na Lindi, na bara hadi Mtama na Nachingwea, mabibo huiva mikoroshoni. Mgeni anayepita Nangurukuru kwa basi atayanusa kabla hajayaona. Mti huu ni mgeni pia. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16, lakini umekaa hata tumeusahau ugeni wake. Korosho yenyewe hulindwa, hupimwa, hupelekwa ghalani, na bei yake huzungumzwa redioni. Bibo, ambalo lina uzito mara tano ya korosho na zaidi, aghalabu huachiwa nzi. Wabrazili hulichuja na kulichemsha ndani ya chupa likawa kinywaji kitamu kisicholevya, wakakiita cajuína. Watu wa Goa hulipika likawa feni. Huku kusini hutengenezwa uraka, na uraka ukipikwa na mvuke wake ukapozwa, hutoka ile gongo ambayo wengine huiita nipa. Gongo, sheria ya mwaka 1966 inamkataza mtu kuipika bila leseni. Kila mtu anaijua sheria hiyo, na kila mtu anaijua nyumba inapopikwa.

Mimi sipiki gongo. Lakini kinywaji cha majira hayo hukitengeneza nyumbani kila mwaka. Huokota mabibo yaliyoanguka asubuhi ileile, yasiyopasuka. Korosho huzinyofoa na kuziweka mbali, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mabibo huyaosha, nikayakata, nikayaponda kidogo katika kinu, nikayakamua kwa kifumbu. Maji yanayotoka yana ukakasi unaokausha ulimi, na tone likiingia katika nguo nyeupe halitoki tena. Ili kupunguza ukakasi huyatia maji ya wali yaliyopoa, nikangoja machicha yatue, kisha nikachuja kwa kitambaa. Hapo huongeza maji ya dafu kiasi cha nusu yake, tangawizi iliyopondwa, ndimu moja na iliki mbili tatu. Sukari haihitajiki. Wageni wangu hukisifu, na mimi hupenda kusifiwa.

Jambo lililonifanya nikalamu haya ni saa. Katika maji hayo hakuna mtu aliyetia hamira. Hamira imekuja na ngozi ya tunda lenyewe. Katika miaka ya 1850 na 1860, Louis Pasteur alionyesha kwamba ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho ndio wanaokula sukari na kuacha pombe. Hawangoji ruhusa ya mwenye nyumba. Kwa joto letu, maji ya mabibo yaliyokamuliwa alfajiri huweza kuanza kutoa vipovu kabla jua halijatua. Yakilala ni kitu kingine. Na yakiachwa wazi siku nyingi zaidi huwa siki. Tembo la mnazi lina haraka kuliko hayo: mgema hushuka nalo tamu asubuhi, na adhuhuri si lilelile. Mtu akiulizwa ni wakati gani hasa utamu ulikwisha na ulevi ukaanza, hawezi kuonyesha kwa kidole. Hakuna mlango uliofunguliwa wala uliofungwa.

Mwislamu wa Kilwa, na hapa walio wengi ni Waislamu, anayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi ya mwanafalsafa. Kitu kimoja, katika mtungi mmoja, huanza halali, kikawa haramu, kikarudi kuwa halali kinapokuwa siki. Wanazuoni hawakulipuuza. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume alikuwa akirowekewa tende asubuhi akanywa maji yake usiku, na za usiku akanywa asubuhi, na kwamba baada ya siku ya tatu hayakunywewa tena ikiwa yamebaki. Angalia: kipimo walichokitumia ni muda. Na wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, husema kwamba mvinyo uliogeuka siki wenyewe umetoharika, bali uliogeuzwa kwa kutiwa kitu bado ni najisi. Wahanafi hawakubaliani nao. Kwa hiyo hata mkono wa mtu umo katika hesabu, si kitu chenyewe tu.

Jirani zangu Wakristo wana hesabu nyingine. Kwao uraka si dhambi; dhambi ni kulewa. Mume akinywa kata moja na akaenda zake shambani, hakuna aliyemkosea Mungu. Nimeishi na watu wa namna zote mbili na sikuona kwamba hawa ni wema kuliko wale. Lakini wote wawili, anayeogopa tone na anayeogopa kipimo, wanahitaji kujua kilichomo ndani ya bilauri. Bila hayo, wa kwanza hawezi kujiepusha na wa pili hawezi kujizuia.

Na hapa ndipo tangawizi inapoingia. Maji ya mabibo matupu humwambia mnywaji hali yake. Yakianza kuchachuka, ulimi huhisi kichomo kidogo, na pua hupata harufu ya hamira. Ulimi ni shahidi wa kila mtu, tajiri kwa maskini. Lakini ukitia tangawizi, tangawizi nayo huchoma. Ukitia ndimu, ndimu nayo ina uchachu. Ukitia iliki, harufu ya iliki hutangulia. Viungo nilivyovitia ili kinywaji kipendeze ndivyo hivyohivyo vinavyomziba mgeni asitambue. Mgema akisifiwa, wahenga walisema, tembo hulitia maji. Lakini maji katika tembo huonekana, mnywaji hung'amua na mgema huaibika. Mchanganyiko mzuri hauaibiki namna hiyo. Kadiri mchanganyaji alivyo stadi, ndivyo mnywaji anavyozidi kuwa kipofu.

Mwaka mmoja alikuja mzee wa jirani, mtu wa swala tano, nikamtilia bilauri. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akaishika, akainusa, hakunywa.

"Mwalimu," akasema, "haya umeyakamua lini?"

"Saa moja asubuhi, mzee wangu."

Akatazama jua kama mtu anayehesabu. Kisha akaiweka bilauri mkekani kwa upole, akaniomba maji ya kunywa. Hakutoa hotuba, wala sikuona kwamba amenidharau. Nilipomletea maji alizungumza habari za mjukuu wake. Baada ya kuondoka nilikionja kinywaji kile mara mbili, tatu. Kilikuwa na kichomo. Kilikuwa cha tangawizi au cha hamira? Mimi niliyekitengeneza kwa mikono yangu sikuweza kusema. Basi yeye angewezaje?

Rafiki yangu mmoja, mtu mwenye akili na ulimi mkali, aliniambia kwamba najitesa bure. Asiyejua hana dhambi, alisema. Mgeni asipouliza, kumwambia saa ni kumtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika. Angekunywa kwa furaha, akashukuru, akaenda. Hoja hii si ya kutupwa. Kuna ujuzi mwingine ambao ni ukatili kumpa mtu. Ila nadhani imechanganya nyaraka za watu wawili. Kutojua kwa mgeni ni udhuru wake yeye; hauwezi kuwa udhuru wangu mimi ninayejua. Ninapomwacha bila neno, nimeshaamua kwa niaba yake jambo la imani yake, nami sikupewa uwakili huo. Tena nimeliamua kwa namna ambayo hatajua kamwe kwamba liliamuliwa.

Kuna wasomaji watakaoona kwamba naikuza bilauri ya maji ya matunda. Na wamfikirie msichana mmoja niliyemfundisha. Katika sherehe ya kumwaga rafiki yake aliyekuwa akiolewa, vijana walitia pombe kali ndani ya jagi la juisi ya ukwaju, kwa kuwa ukwaju huficha kila kitu. Alikunywa bilauri mbili kwa kiu. Hakupatwa na balaa kubwa. Alitapika, akarudishwa nyumbani na mama zake wadogo. Aliponieleza, miezi mingi baadaye, hakuzungumzia kichwa kuuma. Alizungumzia vicheko. Wote waliozunguka meza walikuwa wakijua, wakimtazama anavyonywa. Tangu siku ile, alisema, hanywi kitu katika sherehe ila soda inayofunguliwa mbele ya macho yake. Huyu ameporwa kitu, ingawa hakuna polisi atakayekiandika: ameporwa uwezo wa kupokea bilauri mkononi mwa mtu bila kuikagua.

Sifa ya Kilwa tangu kale ni ukarimu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, yaani baba wa vipaji, na akasimulia jinsi alivyompa maskini wa Yemen nguo alizokuwa amezivaa yeye mwenyewe. Tunapenda kulisimulia hilo. Hatupendi sana kufika mwisho wa kisa, ambapo nguo zile zilikombolewa kwa watumwa na pembe za ndovu. Sisemi hivi ili kumshtaki maiti wa karne ya 14. Nasema tu kwamba zawadi haiwi njema kwa kuwa imetolewa kwa moyo mkunjufu. Yafaa kutazama ndani ya zawadi kuna nini, na nani hakuulizwa.

Siku hizi nimebadili utaratibu, na sidhani kinywaji kimepungua sana utamu. Maji ya mabibo na dafu huyaweka katika jagi moja, matupu. Tangawizi na iliki huzichemsha peke yake na kuziweka katika birika ndogo, na ndimu katika kisahani. Mgeni huonja kwanza, kisha hujitilia mwenyewe apendavyo. Saa ya kukamua naitaja wakati ninapokaribisha, kama vile mtu anavyosema chai ina sukari au haina, bila uso wa msiba. Wengine hucheka na kunywa. Baba mmoja wa Mingoyo alisikitika kwamba yamekamuliwa leo, si juzi.

Yanayobaki magharibi huyaacha katika mtungi wa udongo, nikaufunika kwa kitambaa, siyatii kitu. Baada ya majuma kadhaa huwa siki. Mzee yule alipokuja tena na kukuta kachumbari mezani aliniuliza juu ya siki, kama nilivyotazamia. Nikamweleza: mabibo ya Novemba, hakuna kilichotiwa, mtungi haukuguswa. Akafikiri kidogo, akauliza kama nilikuwa nimekusudia tangu mwanzo iwe siki, au niliisahau tu. Nikamjibu kwamba nilikusudia. Tukabishana juu ya hilo mpaka adhana ya laasiri, yeye akiuliza kama kukusudia nako ni kutia mkono, mimi nikisema kwamba aliyetulia hajatia kitu. Hatukufikia mwafaka. Kachumbari alikula.